Kobalti inatoka Kongo, hesabu yake isibaki kwa wengine

Jioni, huko Nyakabere, pande za Uvira, telefone zinapangwa juu ya meza ya mwenye kuchajisha. Paneli ya jua iko juu ya nyumba, waya zinashuka dirishani, na kila mwenye telefone anaacha franga zake kisha anaenda kungoja. Ni biashara ndogo ambayo kila mkaaji wa Bonde la Ruzizi anaijua. Lakini juu ya meza ile kuna karibu inchi nzima. Ndani ya batri mna kobalti, na zaidi ya theluthi mbili za kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa pande za Kolwezi. Vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya telefone vina tantalamu, inayopatikana katika koltani kama ile ya Rubaya. Lehemu inayounganisha yote ina bati, linalotoka katika kasiterite ya Kivu na Maniema.

Kijana wa Nyakabere anajua kwamba madini haya huchimbwa. Ameona wenzake wakiacha masomo ili kwenda kwenye visima. Jambo ambalo hajaambiwa ni kwamba kuna watu wengine duniani wanaoyachimba madini hayohayo bila kushika sepeto. Wamekaa mbele ya ordinatere, wanahesabu namna elektroni zinavyotembea ndani ya kobalti, ndani ya shaba, ndani ya tantalamu. Wanatafuta kujua jiwe hilo linaweza kufanya nini, na kama kuna jiwe lingine la bei ndogo linaloweza kulichukulia nafasi. Sehemu ya bei ya kesho ya madini ya Kongo inaamuliwa kwenye meza hizo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo la madini si lile la kilo na gunia tu, ni hesabu ya elektroni. Kongo inapaswa kuanza kuishika kalamu yake, na vijana wa Uvira na wa Bonde la Ruzizi wasiwekwe nje ya kazi hiyo.

Elektroni zinazobanana

Jambo lenyewe si uchawi. Kila kitu kimeundwa na atomu, na ndani ya kila atomu mna elektroni. Zikitembea kwa urahisi kutoka atomu moja hadi nyingine, kitu hicho hupitisha umeme, kama waya wa shaba. Zikikaa mahali pamoja, kitu hicho huuzuia.

Ndani ya waya wa shaba, elektroni ni kama watu wanaotembea katika barabara pana asubuhi na mapema. Kila mmoja anapita bila kuhangaikia sana mwenzake, na mwenye kuhesabu anaweza kumfuata mmoja mmoja. Ndani ya oksidi ya kobalti hali ni tofauti. Hapo elektroni ni kama abiria waliobanana juu ya Fuso inayopanda kwenda Bukavu siku ya soko. Mmoja akitaka kugeuza mguu, lazima wa pembeni asogee, na wa pembeni yake naye asogee. Huwezi kueleza mwendo wa abiria mmoja bila kueleza wa wote. Vitu vya namna hiyo ndivyo wanasayansi wanavyovihesabu katika vitu vya kwantamu vyenye elektroni zinazosukumana kwa nguvu.

Tatizo hilo lilijulikana tangu 1937. Mwaka huo de Boer na Verwey walionyesha kwamba oksidi ya nikeli na nyingine za jamii yake zilipaswa, kwa nadharia ya wakati ule, kupitisha umeme, na kumbe zinauzuia. Nadharia ilisema ndiyo, jiwe likasema hapana. Mwingereza Nevill Mott alifuata swali hilo na kueleza kwamba elektroni zinakataa kukaa mbili mahali pamoja, kwa hiyo kila moja inabaki imefungwa kwake. Katika 1977 alikuwa mmoja wa waliopewa tuzo ya Nobel.

Ugumu wa kuhesabu jambo hilo unaonekana kwa hesabu ya shule ya msingi. Chukua mfano ulio rahisi kabisa, ambao John Hubbard aliutoa katika 1963. Kila atomu ina hali nne tu: haina elektroni, ina moja inayozunguka upande huu, ina moja ya upande ule, au ina zote mbili. Atomu mbili zina hali 16. Atomu 10 zina hali 1 048 576. Atomu 20 zinapita miliari elfu moja. Hata ordinatere kubwa kuliko zote duniani, ikihesabu kila hali moja moja, hukwama baada ya atomu makumi machache. Na chembe moja ya chumvi ina atomu nyingi kuliko idadi yoyote ambayo mtu anaweza kuitaja kwa pumzi moja.

Ndiyo maana wanasayansi hutafuta njia za mkato. Kati ya 1964 na 1965, Walter Kohn na wenzake walionyesha kwamba si lazima kufuata kila elektroni. Inatosha kujua namna elektroni zote pamoja zilivyosambaa, palipojaa na palipo wazi. Kazi hiyo ilimpatia Kohn tuzo ya Nobel ya kemia katika 1998, na leo inatumiwa kila siku katika vyuo na viwanda. Lakini ukiipeleka kwenye oksidi ya kobalti bila kuirekebisha, inasema jiwe hilo linapitisha umeme, jambo ambalo si kweli. Lazima iongezewe gharama ya elektroni mbili kukaa mahali pamoja, ile aliyoifikiri Hubbard. Hata hivyo kazi haijaisha. Katika 1986, Bednorz na Müller, huko Uswisi, waligundua kwamba oksidi fulani za shaba hupitisha umeme bila kupoteza hata kidogo zikiwekwa kwenye baridi kali. Walipewa Nobel mwaka uliofuata. Mpaka leo wanasayansi hawajakubaliana kwa nini jambo hilo hutokea.

Msomaji azingatie majina hayo: kobalti, nikeli, shaba. Moja ya maswali makubwa ya fizikia ya dunia limekaa ndani ya mawe ya aina ambayo Kongo huyapakia kwenye malori kila siku.

Hesabu inayotafuta kuiacha kobalti

Kuna atakayesema kwamba haya ni mambo ya maprofesa, hayabadilishi chakula cha mtu. Historia ya batri inaonyesha kinyume.

Katika 1980, kikundi cha John Goodenough huko Oxford kilionyesha kwamba oksidi ya kobalti yenye litiamu ni nzuri kwa batri. Katika 1991 kampuni ya Sony ilianza kuuza batri za aina hiyo. Hapo ndipo kobalti, iliyokuwa kwa sehemu kubwa ni masalio ya kuchimba shaba, ilipopata njia mpya. Kila simu na kila ordinatere ya kubeba iliongeza hamu ya dunia kwa kobalti ya Katanga.

Lakini Goodenough huyohuyo na wenzake, wakiwa Texas katika 1997, walitoa kitu kingine: batri ya chuma na fosfati, isiyo na kobalti hata chembe. Mwanzoni wengi waliidharau, kwa sababu inatunza umeme kidogo zaidi kwa uzito uleule. Maabara na viwanda vilirudi kwake mara nyingi, vikaitengeneza upya, na hesabu za ordinatere zilisaidia kueleza volti yake na njia ambazo litiamu hupitia ndani yake. Leo karibu nusu ya batri za magari ya umeme duniani ni za aina hiyo. Inchi iliyojenga matumaini yake juu ya kobalti ilipaswa kuifuata habari hiyo tangu mwanzo, na si kuisikia siku bei inapoanguka.

Na bei ilianguka. Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ili kuipandisha, kisha Oktoba ikaweka viwango kwa kila kampuni. Kufunga bomba ni haki ya mwenye maji. Lakini mwenye maji anayefunga bomba bila kujua kama jirani anachimba kisima chake mwenyewe anacheza kamari. Kila mwezi ambao kobalti inakuwa ghali ni mwezi ambao mhandisi wa mbali anapata sababu mpya ya kuihesabu nje ya batri. Kinshasa inahitaji watu wake wanaoweza kusoma hesabu hizo, kuzirudia wenyewe, na kumwambia waziri kwa ukweli: batri hii mpya inayotangazwa itafaulu, ile nyingine ni maneno matupu, na hapa tuna miaka michache tu.

Kongo imeshawahi kutoa jiwe bila kushika hesabu yake. Urani ya Shinkolobwe ilisafirishwa kwenda Marekani wakati wa vita ya pili ya dunia, ikaingia katika kazi ya bomu lililoangushwa Hiroshima katika 1945. Waliochimba hawakuambiwa kitu. Wakati ule inchi ilikuwa chini ya Wabelgiji na mchimbaji hakuwa na namna ya kuuliza. Leo kisingizio hicho hakipo tena.

Na njaa, na vita, na giza?

Pingamizi kubwa linatoka kwa wanainchi wenyewe, na halipaswi kudharauliwa. Watu wa Uvira waliona mto Mulongwe ukibeba nyumba katika Aprili 2020. Waliona ziwa likipanda na kuingia katika mitaa. Vita imewakimbiza watu wa bonde na wa milima mara zisizohesabika. Mama anayeuza ndagala ili alipe masomo ya watoto wake atauliza: elektroni zitampikia nini?

Jibu la haki ni kwamba hazitampikia kitu mwaka huu. Anayemwahidi kijana kwamba atajifunza hesabu hizi kisha atajirika anamdanganya. Lakini swali hilohilo lingeweza kuulizwa juu ya chuo chochote. Uvira yenyewe ina kituo cha utafiti wa maji na samaki wa Ziwa Tanganyika, mtoto wa utafiti ulioanzishwa wakati wa IRSAC, taasisi iliyoundwa katika 1947 na kuweka makao yake Lwiro. Lwiro bado ipo. Kinshasa iliwasha mtambo wa kwanza wa nyuklia wa Afrika, Trico, katika 1959. Sayansi si mgeni Kongo. Kilichokosekana ni kuitunza, kuilipa na kuiunganisha na mali ya inchi.

Pingamizi la pili ni umeme. Mabwawa ya Ruzizi ya kwanza na ya pili yanapeleka umeme Bukavu, Uvira na hata ng'ambo ya mpaka, huku vijiji vingi vya bonde vikibaki gizani. Hiyo ni aibu inayohitaji makala yake peke yake. Lakini kwa jambo hili giza si mwisho wa maneno. Sayansi nyingi hudai maabara ya mamilioni ya dola, vioo, gesi, mashine za baridi. Hii hudai ordinatere, hesabu na uvumilivu. Programu ya Quantum ESPRESSO, iliyokuzwa hasa Italia katika mji wa Trieste, hutolewa bure, na ile nyongeza ya Hubbard imo ndani yake. Fungu dogo kabisa la oksidi ya batri lina atomu nne tu: moja ya litiamu, moja ya kobalti, mbili za oksijeni. Ordinatere ya kawaida ya kubeba inaweza kulihesabu kwa muda mfupi. Paneli ya jua inayochajisha telefone za kijiji, ikiongezwa kidogo, inaweza kuilisha.

Mipaka nayo isemwe wazi. Ordinatere ya mwanafunzi haitafumbua fumbo la oksidi za shaba. Kazi za elektroni nyingi zinazobanana hudai ordinatere kubwa, na hizo ziko kwa wengine. Lakini anayejua kutayarisha hesabu ndogo na kutambua makosa yake ndiye anayekubaliwa kutuma hesabu kubwa kwa njia ya intaneti kwenye mashine za mbali. Asiyeanza na ndogo hafiki kwenye kubwa.

Majirani wameanza

Afrika haiko mwanzoni kabisa. Katika 2010 ilifunguliwa Cape Town shule ya Waafrika ya hesabu za elektroni, inayojulikana kwa jina la ASESMA, na ikapangwa irudi kila baada ya miaka miwili. Katika 2012 ilikuwa Eldoret, Kenya. Baadaye ilifika Accra na Addis Ababa. Nyuma yake kulikuwa na kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, ambacho Abdus Salam wa Pakistan alikianzisha katika 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa inchi maskini. Eldoret si Nairobi, ni mji wa mahindi na wakimbiaji. Lakini walimu na wanafunzi wa chuo kikuu chake wamejenga kikundi kinachohesabu vitu vya aina hii, na kazi zao zinasomwa nje ya Kenya.

Katika 2018 kituo hicho cha Trieste kilifungua tawi la Afrika ya Mashariki, na kililiweka Kigali. Kwa mkaaji wa Uvira jina hilo si jepesi kulisikia siku hizi, na hakuna haja ya kujifanya kwamba ni jepesi. Mzazi aliyekimbia risasi hatamtuma mtoto wake kusoma fizikia ng'ambo ya Ruzizi kwa sababu tu makala imesema ni vizuri. Lakini hapo ndipo swali linapogeuka kwa Kinshasa. Inchi yenye kobalti nyingi kuliko zote ilikuwa na sababu kubwa kuliko jirani yeyote ya kukiomba kituo kama hicho. Kusikitika kwamba kiko kwa jirani hakutoshi. Cha kufanya ni kujenga chake, na wakati huo kutuma vijana pale njia ilipo wazi. Tangu 2022 Kongo ni mwanamemba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Uanachama huo usiwe wa forodha na majeshi tu, uwe pia wa nafasi za masomo huko Eldoret na Nairobi.

Kinachoweza kufanyika

Fedha za kuanzia hazihitaji kuombwa Ulaya. Sheria ya madini ya 2018 inagawanya ushuru unaoitwa redevansi hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo la uchimbaji, na 10 kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo. Mwishoni mwa mwaka huohuo kobalti na koltani ziliwekwa kati ya madini ya pekee, na redevansi yake ikapanda hadi asilimia 10. Neno ni vizazi vijavyo. Kama mfuko wenye jina hilo hauwezi kumlipia masomo kijana anayetaka kuelewa kobalti, ni vigumu kueleza ni kizazi gani kinachongojewa. Sehemu ndogo ya fedha hizo, ikitangazwa waziwazi na kugawanywa kwa mtihani na si kwa ukoo, ingetosha kupeleka kila mwaka kikundi cha wanafunzi kutoka kila jimbo.

Vyuo vya Bukavu vinavyofundisha fizikia, na taasisi za Uvira zinazofundisha hesabu na informatike, vinaweza kuanza bila kungoja amri. Chumba kimoja, ordinatere kumi, programu ya bure na mwalimu mmoja aliyepitia shule kama ile ya Eldoret vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Mwalimu huyo akipewa mshahara unaofika kwa wakati, hatakimbilia kazi ya shirika la msaada. Wakongomani wenye shahada za fizikia walio nje, Ubelgiji, Ufaransa, Kanada, wanaweza kufundisha kwa intaneti saa mbili kwa juma. Wengi wangekubali kama wangeulizwa.

Kazi inaanzia chini zaidi. Katika shule nyingi za sekondari za bonde, kitengo cha hesabu na fizikia kinakufa polepole kwa kukosa walimu, na wazazi wanawasukuma watoto kwenye vitengo vinavyoonekana rahisi. Mtoto asiyekutana na hesabu nzuri akiwa na miaka 15 hatakutana na elektroni akiwa na miaka 25. Halmashauri za wazazi, makanisa yanayosimamia shule na wakubwa wa sheferi wanaweza kulisimamia jambo hilo bila kwenda Kinshasa. Wasichana wasisahauliwe. Kazi hii haitaki misuli ya kubeba gunia, inataka kichwa.

Wale watakaosoma hawatairudisha kobalti katika kila batri. Dunia itaendelea kutafuta njia nyingine. Lakini mtu anayejua kuhesabu elektroni hafungwi kwenye jiwe moja. Katika 2003 wanasayansi wa Japani walionyesha kwamba oksidi fulani ya kobalti yenye sodiamu na maji hupitisha umeme bila kupoteza hata kidogo katika baridi kali. Tantalamu ikiunganishwa na salfa hutoa kitu ambacho elektroni zake hujipanga na kusimama zenyewe, na watafiti wanataka kuvitumia katika vyombo vya elektroniki vya kesho. Hakuna anayejua ni lipi kati ya hayo litakuwa biashara. Wanaojua mapema ndio watakaokaa kwenye meza ya bei, na wengine wataitwa kupakia.

Usiku ukiingia, watu wa Nyakabere watarudi kuchukua telefone zao. Kati yao kuna kijana ambaye mwalimu wake wa hesabu anamsifu. Ameshika kobalti mkononi, imejaa umeme, na hajui kwamba swali lililo ndani yake limewashinda wenye tuzo za Nobel. Kumwambia hakuna gharama. Kumpa chumba, ordinatere na mwalimu kuna gharama ndogo kuliko lori moja la madini.